Miezi mitano na PC ya Ryzen 7800X3D na RTX 4070 Ti Super: mashine iko poa, shida ilikuwa mimi na fundi

Nianze na aibu. Siku ya kwanza nimefika nyumbani na hii mashine, nimeshatoa milioni 6.4 na hapo monita bado, nikawasha Cyberpunk 2077 na ikacheza kama slaidi za harusi. Yaani jamaa anatembea, anasimama, anafikiri, anatembea tena. Nikampigia fundi aliyeniungia kule Kariakoo, akanijibu bila hata wasiwasi, "bosi wangu hilo gemu ni zito, shusha grafiki." Nishushe grafiki! Mashine ya bei hii, kwenye gemu lililotoka 2020! Nikashusha, ikawa afadhali kidogo, nikalala na hasira zangu.

Asubuhi naangalia nyuma ya kasha ndo naona waya wa monita umechomekwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu, badala ya kule chini kwenye kadi ya grafiki. Hizi prosesa za Ryzen 7000 zina kijigrafiki humohumo ndani, kidogo tu, cha kuonyesha desktopu na kufungulia Excel, kwa hiyo picha inakuja kama kawaida, hakuna kinacholalamika, gemu likaenda kukamata hicho hicho, na kadi ya karibu milioni 3 imekaa pale inawaka taa tu. Nikachomoa nikachomeka chini. Hapo ndo naweza kusema PC nimeinunua.

Sasa mashine yenyewe. Prosesa Ryzen 7 7800X3D, RAM 32GB ya DDR5-6000, kadi RTX 4070 Ti Super yenye 16GB zake, SSD ya NVMe ya 2TB, pawa saplai ya wati 850, monita ya 1440p ya 165Hz, yaani inabadilisha picha mara 165 kwa sekunde. Sikuchukua 4090, ile kadi kubwa ya kizazi hicho, kwa sababu sina monita ya 4K na sina baba mdogo waziri.

Cyberpunk kwenye 1440p, kila kitu ultra bila ray tracing, ile hesabu ya miale ya mwanga, inanipa fremu 110 hivi kwa sekunde, inateleza kama imepakwa mafuta. Ila hakuna anayenunua hii kadi ili azime ray tracing, mimi nilitaka ile path tracing waliyoiongeza 2023, ile ambayo mwanga wote wa mji unapigiwa hesabu kweli, taa ya baa inagonga dimbwi la maji inarudi usoni kwa mtu. Bila msaada wowote hapo kadi inapiga magoti, fremu 28, 30 ikijitahidi. Unawasha DLSS kwenye Quality, maana yake gemu linachorwa kwa 960p halafu linakuzwa kwa akili kwenda 1440p, unapata 50 na kitu. Ukiongeza frame generation, ambayo inabuni fremu moja katikati ya mbili za kweli, namba inapanda mpaka 90. Macho yanafurahi, mkono ndo unajua ukweli, maana zile fremu za kubuni hazisikilizi mausi yako, kwa hiyo kama ulianza na 30 gemu linabaki zito mkononi hata kama kona ya skrini imeandika 60. Ukianzia 50 kwenda juu unasahau kabisa kama ipo. Mimi nimemaliza gemu zima hivyo, na usiku wa mvua mle ndani nilikuwa nasimama tu barabarani naangalia lami.

Lakini kitu ambacho kimenishangaza zaidi sio kadi, ni prosesa. Watu wanamwaga hela zote kwenye kadi, prosesa wanaweka yoyote, na kwa magemu mengi wapo sahihi. Ila mimi ni mgonjwa wa Microsoft Flight Simulator, na lile gemu linaitesa prosesa kuliko kadi. Hii X3D ina kashe ya L3, yaani kumbukumbu ya haraka humohumo ndani ya prosesa, ya 96MB, wakati Ryzen 7 ya kawaida ya kizazi hicho ina 32. Ni kama mama ntilie aliyepanga chumvi, vitunguu na mafuta pembeni ya jiko, na mwingine kila kitu anamtuma mtoto dukani. Kwenye PC yangu ya zamani nikikaribia uwanja mkubwa picha ilikuwa inagandaganda, sasa narusha Caravan, ndege ile ile ya injini moja inayopeleka watu Zanzibar kila siku, natoka uwanja wa Dar (HTDA) natua Zanzibar (HTZA), dakika 20 na kitu, na haijakwama hata mara moja. Nyumba za Dar mle ndani nyingi zimebuniwa na programu kutoka picha za satelaiti, nimetafuta kwangu Kimara nikakuta wamenijengea ghorofa. Nimekubali.

Turudi kwenye ujinga wangu maana haukuishia kwenye waya. Wiki mbili nzima nilikuwa naona fremu 110 zimeandikwa kwenye kona lakini picha haina ule ulaini watu wanaousifia, kumbe Windows iliiacha monita kwenye 60Hz. Monita ya 165 inafanya kazi kama tv ya sebuleni. Ipo kwenye setingi za display, ile advanced, unabadilisha mwenyewe, na fundi hakugusa.

Halafu RAM. Nimelipia ya 6000, nafungua Task Manager inasoma 4800. Kuna kitu kinaitwa EXPO, unaingia BIOS, zile setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka, unakiwasha, bila hivyo RAM inakimbia mwendo wa kawaida tu. Nikawasha, mashine ikazima skrini, ikabaki nyeusi, dakika moja, mbili, tatu, feni zinazunguka hakuna kitu. Aisee jasho lilinitoka, nikajua nimeshaua milioni 6. Nilikuwa nimeshashika bisibisi ndo ikawaka. Baadaye nikaja kujua kwamba hizi mazabodi za AM5, zinazobeba prosesa kama yangu, zikibadilishiwa setingi za RAM zinaanza kuipima upya kabla ya kuwaka, na hapo ukizima kwa hofu unairudisha mwanzo. Kwa hiyo ikikutokea nenda kachemshe chai.

Umeme sasa, hapa msome vizuri kuliko pale kwenye fremu. Kadi peke yake imepangiwa wati 285, prosesa kwenye gemu haili sana, 60 mpaka 70, ukijumlisha na monita na vitu vingine nipo kwenye 450 hivi nikiwa katikati ya Cyberpunk. Masaa matatu kila siku ni kama unit 40 kwa mwezi, na kwa LUKU ya elfu moja unit 2.8 hiyo inakaribia elfu 14 na mia tatu, ya gemu tu. Kama ulikuwa kwenye tarifu ndogo, ile nafuu ya wasiovuka unit 75 kwa mwezi, uiage mapema. Na hizo wati zote zinaishia kuwa joto la chumbani, Februari ya Dar, dirisha moja, ni sawa na kukaa na pasi umeiacha inawaka pembeni yako. Nilichofanya nimeshusha nguvu ya kadi mpaka 80% kwa programu ya MSI Afterburner na nimefunga fremu zisivuke 120. Nimepoteza fremu chache ambazo kwa macho sizioni, kadi imeshuka kutoka nyuzi 76 mpaka 68, feni zimenyamaza, na mke wangu ameacha kuuliza kwa nini chumba kile kina harufu ya gereji.

UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, nayo nilikosea. Nilikuwa na ile ndogo ya 650VA nikaona inatosha, umeme ukakatika nikiwa kwenye gemu, ikapiga kelele mara mbili ikazima yenyewe, kwa sababu 650VA ni kama wati 360 tu na mimi navuta 450. Nimehamia kwenye ya 1500VA, inanipa dakika chache za kusevu na kuzima kistaarabu, basi, wala usitegemee kucheza nayo. Friji gadi peke yake isikudanganye, ile inakulinda umeme ukirudi kwa fujo, haikuokoi unapoondoka.

Usafirishaji: mimi niliipakia kwenye bajaji na kadi ikiwa ndani, matuta yote mpaka Kimara, kadi ya kilo na zaidi inaning'inia kwenye slot moja. Mungu alikuwa upande wangu. Mwambie fundi aitoe, uiweke kwenye boksi lake, uipakate kama mtoto. Na ukishaifunga hakikisha ule mdomo mpya wa umeme wa pini 16 umezama mpaka mwisho, wangu ulikuwa umebaki milimita kama mbili na waya umekunjwa palepale ili kioo kifunge, na midomo ya namna hiyo ndo ile iliyoyeyuka kwenye kadi za 4090.

Kuna vitu hii mashine haitakutatulia hata kidogo. Gemu za mtandaoni za kupigana nazicheza fremu 120 ila pingi, ule muda wa kwenda seva na kurudi, ni milisekunde 170 kwa sababu seva zipo Ulaya, nauawa nikiwa nimeshajificha nyuma ya ukuta. Na kushusha magemu, Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya 150GB, Red Dead Redemption 2 vilevile, kwa intaneti ya 20Mbps hiyo ni kama saa 17 kwa gemu moja usiposhirikiana na mtu. Kwa bando la simu hata usithubutu, Flight Simulator yenyewe inavuta ramani mtandaoni ukiwa angani, utatua huna salio.

Watu wananiuliza kama ningesubiri kidogo ningepata nini, maana prosesa mpya 9800X3D ilitoka Novemba 2024 na kadi mpya RTX 5070 Ti ikafuata Februari 2025. Sawa, ni bora, ila kwa 1440p sijaona gemu linalonifanya nijute. Ninachojutia ni kasha. Nilichukua la kioo mbele na pembeni kwa sababu ya taa, linavutia kwenye picha lakini hewa inapita kwa kubembeleza, na vumbi la huku limejaa kwenye feni ndani ya wiki sita. Fundi alitaka elfu 30 aje apulize, nikanunua blowa yangu. Jumamosi hii naenda kutafuta kasha la wavu mbele, na safari hii nahamisha mwenyewe, waya wa monita nitauchomeka kwa mkono wangu.