Ohnut: pete za kupunguza kina, kwa maumivu ya ndani tu

Anayeumia mlangoni mwa uke wakati wa tendo la ndoa asinunue. Ohnut ni pete nne laini zinazoshikamana, huvaliwa kwenye shina la uume, na kazi yake ni moja: kuuzuia usizame wote. Kuchomwa mlangoni, ukavu baada ya kukoma hedhi, au misuli inayojibana kabla hata ya kuingiliwa, vyote vina tiba zake, na pete hizi si mojawapo.

Kwa maumivu ya ndani, yale ya kugongwa chini ya tumbo wanayoyajua wenye endometriosisi (tishu kama za utando wa mji wa mimba kuota nje yake), hapo kifaa kina maana. Ugonjwa huo hupenda kukaa nyuma ya mji wa mimba na kwenye kano zinazoushikilia, ndipo panaposukumwa uume ukifika mwisho. “Nitaingia kidogo tu” ni ahadi isiyodumu dakika tano, pete hudumu.

Anzeni na zote nne, kwa mkao unaomwacha mwanamke aongoze: awe juu, au mlale ubavu. Pakiwa shwari, siku nyingine toeni moja. Mkitoa mbili kwa mpigo hamtajua mpaka uko wapi. Pete hubonyea zikikandamizwa, kwa hiyo kina zinachopunguza ni kidogo kuliko zinavyoonekana mezani.

Kinachoharibu mara nyingi ni ukavu: pete kavu huvuta nywele na ngozi. Pakeni kilainishi cha maji ndani na nje. Mafuta ya nazi wekeni kando, yanadhoofisha kondomu za mpira. Kondomu ivaliwe kwanza, ikunjuliwe hadi chini, ndipo pete zifuate. Zenyewe hazizuii mimba wala maambukizi. Uume ukifa ganzi au ukibadilika rangi, vueni mara moja. Baadaye osheni kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, mzikaushe kabisa.

Pete hazifidii tendo la haraka. Mwanamke akipata ashiki uke hurefuka na mji wa mimba hupanda. Mkikimbilia kuingiliana, hata nne hazitoshi. Na maumivu yanayokuja saa kadhaa baada ya tendo huenda ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza, kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kukiwa na homa, uchafu wenye harufu au damu baada ya tendo, nendeni hospitali kabla ya kuagiza chochote.