Seti ya kusokotea sufu imefika Bukavu: kijiti kizuri, sufu kidogo, karatasi yenye kosa

Kwenye maduka ya uzi na vifungo ya kuelekea Nyawera kunauzwa sasa seti ndogo ya kujifunzia kusokota uzi. Ndani ya mfuko kuna kijiti chenye kisahani, kinachozungushwa ili kusokota uzi, brashi mbili za kuchania, gramu 50 za sufu iliyokwisha kuoshwa, na karatasi ya maelekezo ya Kifaransa. Kijiti kinastahili pesa. Brashi zinapita. Sufu inaisha kabla mkono haujazoea, na karatasi ina mstari mmoja utakaoharibu kazi ya wiki nzima ukiufuata, nao tutaufikia.

Kwanza tuelewane juu ya bei. Anayenunua seti hii akidhani ataacha kununua lene, uzi wa kufumia, sokoni Kadutu, abaki na pesa yake. Peloti (mpira wa uzi) ya lene ya kiwandani itakuwa rahisi siku zote kuliko uzi wa mkono, hata usipohesabu saa zako. Kinachonunuliwa hapa ni aina ya uzi ambayo sokoni haipo.

Maana ile tunayoiita lene, kwa sehemu kubwa, haijawahi kumwona kondoo. Ni akriliki, uzi wa plastiki. Kujua ni rahisi: kata kipande cha sentimita tano, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisogeze kwenye moto wa kibiriti. Akriliki inawaka kwa haraka, inayeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu isiyopondeka. Sufu inaungua shingo upande, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inajizima, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Akriliki si kitu kibaya. Layeti, nguo za mtoto mchanga, inayofuliwa kila siku inaihitaji, kwa sababu haisinyai. Lakini haina mnyumbuko wa sufu, na sufu inakupa joto hata ikiwa na unyevu, jambo ambalo mtu wa Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya bahari na mvua tangu Septemba hadi Mei, hahitaji kufafanuliwa.

Na wenye kuuliza kwa nini tusichukue ya kondoo wetu: kondoo wengi wa Kivu wana manyoya mafupi, laini kwa kupapasa lakini yasiyoshikana. Sufu inasokoteka kwa sababu kila unywele una magamba madogo na mawimbi, yanayofanya nyuzi zing'ang'aniane. Kondoo wa sufu, wa aina kama Merino na Corriedale, wanafugwa nyanda za juu za Kenya.

Sasa kijiti. Hiki cha kwenye seti kina urefu wa sentimita 28, kisahani cha upana wa sentimita 8 kimewekwa juu, na kulabu ya waya wa shaba kwenye ncha. Mzani ulionyesha gramu 52. Kwa anayeanza, uzito huo ndio wenyewe. Kijiti chenye gramu 80 kinakata uzi mwembamba kabla hujaujua. Chenye gramu 20 kinazunguka mara chache halafu kinarudi nyuma, nacho kikirudi nyuma kinafumua ulichosokota, na kijiti kinaanguka sakafuni. Wanaoanza hudhani kilianguka kwa sababu ni kizito. Mara nyingi kilianguka kwa sababu hawakuona kimegeuka.

Usilipe kabla ya kukijaribu dukani. Funga uzi wowote kwenye kulabu, kiache kining'inie, kizungushe kwa vidole kama pia. Kinatakiwa kitulie na kuzunguka sekunde 20 na zaidi bila kuyumba. Kikitikisika, tazama kulabu kwanza: ncha yake inatakiwa isimame juu ya katikati ya kijiti hasa, na milimita mbili tu za upande zinatosha kukitikisa. Hilo linarekebishwa kwa koleo hapo hapo. Kikiendelea kutikisika, kibiringishe juu ya meza ya kioo. Mwanga ukipita chini yake, kijiti kimepinda, mrudishie muuzaji. Kati ya vijiti vitano vilivyokuwa kwenye boksi, kimoja kilikuwa hivyo. Ni mbao iliyochongwa kabla haijakauka, na hakuna dawa.

Kwa hiyo ukitaka kumwagiza seremala, jambo la kumwambia si urefu, ni ukavu. Mikaratusi mibichi inachongeka vizuri leo na kujipinda baada ya mwezi. Mbao iliyokaa chini ya paa msimu mzima wa kiangazi ni salama zaidi. Mwambie pia asikipake vanishi nene pale vidole vinapokizungushia, mkono unateleza.

Wasio na pesa ya seti watumie CD mbili za zamani. Kila moja ina gramu 15 au 16, zikibanwa pamoja unapata kisahani cha gramu 31 hivi chenye upana wa sentimita 12. Tundu lake ni la milimita 15, kubwa kuliko kijiti, basi zungushia kijiti mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli mpaka kikaze. Kinazunguka polepole lakini kwa muda mrefu, nacho si kibaya kwa kujifunzia.

Sufu ya kwenye mfuko imekaa imebanwa safarini, imekuwa kama godoro. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza: wanaivuta, haitoki, wanavuta kwa nguvu, inatoka bonge. Usianze kusokota hivyo. Chukua utepe wa kama urefu wa mkono, upasue kwa urefu wake mara mbili, halafu kila kipande kivute kidogo kidogo ukiwa umeachanisha mikono sentimita 15, mpaka uone nyuzi zinateleza zenyewe. Nyuzi za sufu hii zina urefu wa sentimita 9 hivi. Mikono ikikaribiana kuliko urefu huo, kila mkono umeshika ncha moja ya unywele uleule, nguvu zako zote hazitausogeza. Ikiachana mno, utepe unakatika. Jambo hili moja ni nusu ya ufundi wote, na karatasi ya seti haina hata neno juu yake.

Kuanza: funga kwenye kijiti kipande cha uzi wa sufu cha sentimita 60, kipitishe kwenye kulabu, kilaze juu ya ncha ya sufu isiyosokotwa vidole vinne hivi. Zungusha kijiti kwa mwelekeo wa saa mpaka msokoto ujae kwenye uzi huo. Sasa, badala ya kukiacha kining'inie, kibane katikati ya magoti. Mkono wa chini unabana uzi; mkono wa juu unavuta sufu sentimita tano sita; mkono wa chini unaachia na kuteleza juu, na msokoto unapanda wenyewe kukamata nyuzi. Bana tena, vuta tena. Msokoto ukiisha, zungusha upya. Ni kazi ya mwendo wa kobe, lakini inatenganisha mambo mawili ambayo mkono wa mgeni hauwezi kuyafanya kwa pamoja. Baada ya jioni tatu nne magoti yanaachwa. Tena kijiti hakingoji umeme, kwa hiyo jioni hizo zinapatikana.

Mabonge yatatokea. Bonge ni mahali msokoto ulipopita mkono wa chini na kuingia kwenye sufu kabla haijavutwa. Shika pande zote mbili za bonge, fumua kidogo kwa kuzungusha kinyume, vuta, litanyooka. Pale palipokuwa pembamba kama utando pasokote zaidi. Msokoto hukimbilia penye wembamba, kwa hiyo mara nyingi pembamba panashikilia na bonge ndilo linaloachana. Kujua kama msokoto unatosha, legeza sentimita 20 za uzi mpya, ujikunje wenyewe. Ukijikunja kwa uvivu na kuacha matundu, ongeza. Ukijifunga vinundu vigumu kama waya, umezidisha. Ukijikunja vizuri, hapo hapo unaona sura ya uzi wako utakapounganishwa mara mbili.

Kuunganisha, yaani kusokota nyuzi mbili ziwe uzi mmoja, kusirukwe. Uzi mmoja ambao haujaunganishwa, ukifumwa, kitambaa kinalala upande: unafuma mraba, unapata msambamba, na hakuna pasi itakayounyoosha. Wafumaji wa lene hawalijui tatizo hili kwa sababu kiwanda kilikwisha kuwafanyia. Jaza kijiti mpaka gramu 25, hamishia kwenye peloti, jaza tena, acha usiku mmoja uzi utulie. Kesho weka peloti mbili kwenye mabakuli mawili chini, shika ncha zote pamoja, zungusha kijiti kinyume cha saa. Ukisokota kwa mwelekeo uleule wa kwanza, nyuzi hazikumbatiani, zinakuwa ngumu tu na kujikunja kila mahali. Hii inaenda haraka, saa moja inamaliza kazi ya siku tano.

Halafu ule mstari wa karatasi. Unasema uzi ukimalizika uoshwe kwa maji moto ukisuguliwa, kisha usuuzwe kwa maji baridi ya bomba. Hiyo ndiyo njia ya kutengeneza blanketi la kukandamizwa! Maji moto yanalegeza nyuzi, kusugua kunafanya magamba yake yang'ang'aniane, baridi ya ghafla inazidisha kuzikaza, na kicha chako kinakuwa kamba moja. Fanya hivi: zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya pamba bila kukaza, uzamishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji, uuache dakika 20 bila kuugusa. Maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile. Ubane ndani ya taulo, usiunyonge. Upige mara tatu kwenye ukingo wa meza ili msokoto ujisambaze, uutundike kivulini. Wakati wa mvua uuache siku mbili hata ukiuona umekauka, kwani sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila mkono kuusikia, na ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki inanuka ukungu.

Wenye triko, wafumaji wa sindano, watataka kujua unafumika vipi. Zungushia uzi uliokauka kwenye rula bila kuuvuta, hesabu mizunguko kwenye sentimita 2.5. Ikiwa 12 hivi, shika sindano za milimita 4. Ikiwa 9 au 10, za milimita 5. Uzi wa seti hii uliosokotwa kwa wastani ulitupa 12, na vitanzi 22 kwenye sentimita 10. Kofia ya mtoto mchanga, kichwa cha sentimita 35, inaanza na vitanzi 72 na kula gramu 40. Maana yake seti nzima ni kofia moja, kama hakuna kilichopotea, na kitapotea: gramu 20 za kwanza ni za kujifunzia, uzi wake utafaa kufungia zawadi. Muulize muuzaji gramu 100 za ziada kabla hujaondoka dukani. Na kofia hiyo iguse shavu lako au ndani ya kiwiko kwanza. Ikikuwasha wewe, itamwasha mtoto zaidi.

Ukibahatika kuletewa sufu chafu, ya moja kwa moja kutoka kwa kondoo, hesabu kwamba gramu 100 zitabaki 50 mpaka 70 baada ya mafuta na vumbi kutoka. Mafuta yake hayatoki kwa maji ya uvuguvugu. Yanataka nyuzijoto 60 hivi, sabuni nyingi, sufu ikiwa ndani ya wavu, bila kukoroga, na itolewe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yanarudi kushika. Hesabu na makaa ya kuchemshia maji.

Ni kwa sufu hiyo ndipo brashi za seti zinapata kazi. Ile ya mfukoni imekwisha kuchanwa. Meno ya brashi ni ya chuma chembamba kilichopinda, yamepandwa kwenye ngozi ya bandia iliyogundishwa kwenye ubao. Weka sufu kidogo tu, kiasi cha kuona meno chini yake, na pitisha brashi moja juu ya nyingine bila kuyazamisha. Wanaojaza na kukandamiza wanasikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na hapo ndipo meno yanapolala. Gundi ya brashi hizi si ya kuamini: moja ilianza kubanduka pembeni baada ya gramu 200. Misumari midogo ya fundi viatu, minane kila upande, imeishika mpaka sasa.