Mashine ya mahudhurio: kabla ya kuuliza bei, uliza inavyohesabu dakika

Muuzaji Kariakoo atakusifia kioo na idadi ya vidole vinavyoingia kwenye mashine. Mpe hesabu hii: mtu ameingia 07:56, ametoka 17:34, amepumzika saa moja. Ripoti itamwandikia ngapi? Jibu ni saa 8 na dakika 38, ambazo kwa desimali ni 8.63. Ikiandika 8.38 na mhasibu akaizidisha hivyo hivyo kwa malipo ya saa, mfanyakazi anapunjwa robo saa kwa siku. Kwa siku 26 zinapotea zaidi ya saa 6.

Kwa kila mguso, mashine yenyewe huandika hasa mambo matatu: nani, tarehe, saa. Mengine hufanywa na programu kwa kanuni ulizoingiza wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Programu isiyojumlisha kwa wiki itakurudisha kwenye kikokotoo kila mwisho wa mwezi.

Chaguo langu la kwanza ni mashine ya kidole inayokubali pia kadi ya kugusisha, yenye betri ndani na tundu la flashi. Umeme ukikatika inaendelea, na intaneti haihitajiki. Kadi ni ya mafundi saruji na wengine ambao alama za vidole zimelika. Wape hao tu. Kadi zikiwa za wote, mtu atamgusishia mwenzake aliyeko bado kwenye daladala.

Ya pili ni ya uso. Inafaa jikoni na kwenye mikono michafu, ila ghali zaidi, na jua likiingia mlangoni inababaika. Ya tatu ni programu ya simu inayoonyesha mahali, kwa watu wa mauzo wanaozunguka. Amua mapema bando ni la nani. Mashine ya kupiga kadi za karatasi naiweka mwisho: inagonga muda vizuri, hesabu unabaki nayo wewe. Una watu wanne? Baki na daftari.

Kinachoumiza wengi ni zamu ya usiku. Niliwahi kufunga mishahara ya kiwanda kidogo cha mikate. Waoka mikate waliingia 20:00, wakatoka 06:00, lakini kwa kuwa mashine ilibadilisha siku saa 6 usiku, ripoti ilionyesha leo wameingia bila kutoka, kesho wametoka bila kuingia. Saa sifuri! Dawa yake ni mpangilio mmoja: siku ya zamu hiyo ikatwe saa 6 mchana. Kama mpangilio huo haumo, usinunue. Saa hizo za usiku zina nyongeza ya asilimia 5, kwa hiyo lazima ripoti izitenge.

Alama za vidole ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo pata ridhaa ya maandishi kwanza. Pia waeleze wafanyakazi kwamba 08:00 ya mashine ndiyo saa mbili yao. Mzee mmoja alinijia amekasirika: “Mimi nimeingia saa mbili, hii imeniandika saa nane!”