Rivyu ya granti ya ERI ya NSF: hela ipo, muda ndo hamna (nyota 4 kati ya 5)

Wadau mnaofundisha uinjinia kwenye vyuo vidogo Marekani, hii ERI (Engineering Research Initiation), granti ya kuanzishia utafiti ya NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, nimeiomba mara 2, ya kwanza nikapigwa chini, ya pili ikapita, kwa hiyo siongei ya kusikia.

Kilichonivuta ni kwamba vyuo vikubwa vya utafiti, wale wa R1, hawaingii. Ukishawahi kuhangaika na CAREER, granti nyingine ya NSF ya walimu wa vyuo wanaoanza, utanielewa, maana kule unapimwa mzani mmoja na mtu mwenye wanafunzi 6 wa PhD na maabara ghorofa nzima, we una meza 2 na stoo uliyomlilia mkuu wa idara mpaka akachoka. Huku angalau mnalingana lingana. Halafu unaomba peke yako, co-PI (viongozi wenza wa mradi) hawaruhusiwi, so hakuna mkubwa wa kukubeba ila pia hakuna mkubwa wa kula jasho lako.

Hela mwisho dola 200,000 kwa miezi 24. Ukisikia laki 2 unaona umetoka kimaisha, ngoja ovahedi, ile hela inayochukuliwa na chuo kwa gharama zake za uendeshaji. Chuo kikiwa na ovahedi ya 50% juu ya hela ya kazi na kila kitu kikaingia kwenye hesabu, ya kufanyia kazi inabaki kama 133,000 tu, hapo umlipe mwanafunzi wa mastaz miaka 2, hapo mshahara wako wa kiangazi, hapo vifaa. Ahueni ni kwamba kwa kawaida mashine kubwa haikatwi ovahedi, so mashine yangu ya kutetemesha, ya kupimia beringi, nikaiweka kwenye fungu la mashine na ikapita yote nzima.

Mara ya kwanza wapitiaji wa maandiko walinipa Good 2 na Fair 1. Good ya NSF isikudanganye, iko chini ya Excellent na Very Good, ni kama kuambiwa pole. Sayansi hawakuisema sana, waliniumbua kwenye Broader Impacts, kipengele cha faida ya mradi kwa jamii. Niliandika mradi "utawanufaisha wanafunzi", mmoja akauliza wanafunzi gani, wangapi, kwenye kozi ipi? Nikabaki kimya maana kweli sikuwa na jibu. Mara ya pili nikaandika kozi ya mitetemo ya mwaka wa 3, wanafunzi 24, kila kundi linapewa beringi yenye ufa litafute ufa uko wapi kwa kusoma grafu tu. Ile ile stoo, ila sasa inaeleweka. Na kabla ya kuandika andiko lote nilimtumia afisa wa programu ukurasa 1 wa wazo, akanijibu vizuri tu, msiwaogope hawa watu.

Shida nyingine sio ya NSF, ni ya kwetu wenyewe. Andiko huwezi kulituma mwenyewe, lazima mtu wa chuo aliyeidhinishwa abonyeze kwenye tovuti ya Research.gov, na dedilaini ni saa 11 jioni kwa saa za hapo chuoni kwako. Ofisi ya granti chuoni kwetu ni dada mmoja tu. Saa 10:38 jioni namtafuta, yuko kikao cha wazazi shuleni kwa mwanae, akabonyezea kwenye simu huko huko koridoni, jasho lililonitoka siku ile aisee.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya muda. Nafundisha kozi 4 kila muhula, na NSF kwa kawaida hailipi mshahara wa mtu kama mimi zaidi ya miezi 2 kwa mwaka, hiyo 2 nikaimaliza kiangazi. Muhula ukifunguliwa utafiti wangu ni Jumamosi, mi na beringi basi. Kama unaomba, suala la kupunguziwa kozi mmalizane na mkuu wa kitivo mapema, tena kwa maandishi. Mi nilimfuata nikiwa nimeshapata, akanipa mkono, akasema hongera sana profesa, akarudi kwenye imeili zake.