Disiki za freni kwa mushuko wa Ngomo: jozi tatu nilizojaribu na ile niliyobaki nayo

Naanza na siku yenyewe, juu njo ilinifanya nianze kujali disiki, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na pine na freni inaibana. Nilikuwa natoka Bukavu naenda Uvira, huku kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, RAV4 ya 2002, boati otomatiki, ndani tuko watu 4 na nyuma kuna magunia ya viazi. Tukapita Nyangezi, tukaanza kushuka Ngomo. Wanaoijua ile njia wanaijua, mukono mumoja mulima, mukono mwingine shimo, na chini kabisa unaona uwanda wa Ruzizi. Mi nilikuwa nashika freni kila kona, nikiachilia nashika tena. Katikati ya mushuko nikasikia ile harufu ya plaketi (vile vipande vinavyobana disiki) inayoungua, halafu volani ikaanza kutetemeka mukononi, halafu pedale, ambayo asubuhi ilikuwa ngumu vizuri, ikaanza kwenda chini kama nakanyaga godoro. Mama mukwe alikuwa kiti cha mbele, akaniangalia bila kusema kitu, akashika mukanda na mikono miwili. Nikapeleka vitesi kwenye L, ile ya chini kabisa, gari ikalia, ikapunguza, nikatafuta fasi pana nikasimama. Tulikaa pale karibu saa nzima. Disiki ya mbele upande wa kulia ilikuwa na madoa ya bluu, ya kushoto pia lakini kidogo.

Tangu ile siku nimefunga jozi 3 za disiki za mbele, kwa pesa yangu, kwa njia ileile. Nyuma mi niko na tamburi, zile freni za ngoma, si disiki, hazijanisumbua, sizizungumzi.

Jozi ya kwanza njo inayoniuma mpaka leo. Nilienda ku Kadutu, hapa Bukavu, kwenye maduka ya piesi, nikamweleza muuzaji shida yangu, akanitolea disiki zenye matundu, zinang'aa, akasema hizi njo za magari ya mashindano, zinapoa haraka, hautasikia tena harufu. Dola 95 jozi. Zile za kawaida zilikuwa pembeni kwa dola 60 na mi nikawaza, kwa maisha ya watu 4, dola 35 si kitu, nikalipa. Boksi halikuwa na jina la kiwanda, kulikuwa tu picha ya gari nyekundu.

Mwezi wa kwanza zilikuwa muzuri, sitasema uongo, wakati wa mvua pedale ilikuwa inajibu mara moja. Mwezi wa 4 nikaanza kusikia kelele ndogo, tik tik tik, wakati wa kushika freni pole pole. Nikavua pine. Ukiangalia kwa mbali hauoni kitu. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma na ukucha ukanasa, nikamulika na tochi ya simu, njo nikaona ufa mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu moja umeenda mpaka tundu la jirani, na mwingine umetoka kwenye tundu la mwisho unaelekea ukingoni. Nilihesabu nyufa 7 disiki moja. Nikakaa chini pale kwenye kokoto, nikawaza ile shimo ya Ngomo.

Usiku uleule nikampigia yaya, kaka yangu mutoto wa baba mukubwa, yeye iko Johannesburg, kazi yake ni garaji, na mara nyingi wanatayarisha magari ya watu wanaoenda kukimbiza ku Kyalami, ile piste ya mashindano iliyo kati ya Johannesburg na Pretoria, kilomita 4 na nusu muzunguko mumoja. Nikamutumia picha. Akanijibu: "Mudogo, nani alikudanganya? Sisi huku kwenye piste njo fasi ambapo disiki za matundu zinakufa ya kwanza."

Akanifafanulia, na hii njo ilinibadilisha mawazo kabisa. Disiki ni fasi ya kuwekea joto. Ukishika freni, mwendo wa gari unageuka kuwa joto, na lile joto lazima liingie kwenye chuma kwanza mbele ya kutoka kwenda kwenye hewa. Chuma kikiwa kingi, joto halipandi haraka. Ukitoboa matundu unapunguza chuma, na juu ya hiyo kila tundu ni fasi ya ufa kuanzia, juu chuma kinapanuka na kujikunja kila mara unapopasha na kupoza. Matundu yalikuwa na maana yake zamani, wakati plaketi zilikuwa zinatoa gesi nyingi zikipata moto na gesi ilihitaji pa kutokea. Plaketi za siku hizi hazina tena shida ile sana. Yaya akasema wateja wake wasio na pesa nyingi, na hata wengine wenye pesa, wananunua disiki za kawaida, zisizo na tundu, zenye hewa katikati, zikichoka wanatupa, wanafunga zingine, na pesa iliyobaki wanaweka kwenye plaketi na likidi, yale mafuta ya freni. Ukitaka kitu cha zaidi, mifereji iliyochongwa juu ya disiki ni afadhali kuliko matundu, inafagia uso wa plaketi, lakini inakula plaketi haraka, na kwa gari ya familia haina haja.

Kuna watakaosema piste na Ngomo si kitu kimoja. Nilipiga hesabu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770, kwa hiyo kutoka Bukavu mpaka Uvira unashuka karibu mita 690, na sehemu kubwa unaishuka palepale Ngomo. Gari yoyote, ndogo ao kubwa, kushuka mita 690 ni nguvu sawa na kuisimamisha kutoka 100 km/h mpaka sifuri mara 17. Ni kweli moteri na hewa vinakusaidia kubeba sehemu, lakini shofere anayeshuka kwenye D, vitesi ya kutembelea kila siku, na muguu juu ya freni, kama mi siku ile, anazibebesha disiki karibu zote. Kwa hiyo shauri la watu wa piste linatuhusu sisi watu wa milima, tena sana.

Sasa jozi ya pili. Pesa ilikuwa imeisha, nikachukua za okazioni, zimetoka kwenye gari iliyovunjwa, za asili kabisa, dola 30, na dola 10 kwa turneri, fundi wa kuchonga chuma, azisawazishe kwenye mashini yake. Zilitoka pale laini kama sahani. Fundi wangu akazifunga, hakuna kutetemeka, nikafurahi. Kisha wiki ya 6 volani ikaanza tena. Kwa nini? Juu hakuna aliyezipima, hata mi sikuzipima. Ndani ya kila disiki, kwenye ile kofia ya katikati ao ukingoni, kumeandikwa unene wa mwisho, utaona herufi MIN TH na namba. Zangu zinaandikwa 23, zikiwa mpya ni milimita 25. Nilipoazima piedakulisi, ile kipimo ya chuma yenye taya mbili, nikakuta 22,6. Turneri alikuwa amefanya kazi yake vizuri, lakini nilimupelekea chuma kilichokuwa kimekwisha, na yeye akakipunguza tena. Disiki nyembamba inapata moto haraka, plaketi inaacha mabaka yake juu ya chuma, pale penye baka pananasa zaidi, pananasa zaidi panapata moto zaidi, njo ile mitetemo. Watu wanasema "disiki imepinda", mara nyingi haijapinda, imepakwa plaketi isiyo sawa.

Mi siwakatazi watu okazioni. Disiki ya asili ya 24 na nusu kwa dola 30 ni mali. Lakini ukienda bila kipimo unanunua kwa macho, na milimita moja macho haiioni.

Jozi ya tatu njo iko kwenye gari sasa hivi. Mara hii nilijipanga. Nilizunguka maduka 4, ku Kadutu na ku Nyawera, nikiwa na piedakulisi mufukoni, naomba kila muuzaji anifungulie boksi. Mumoja alikataa kufungua, nikaaga nikatoka. Nilikuwa naangalia vitu hivi: disiki bila tundu, ina hewa katikati, namba ya MIN TH imepigwa kwenye chuma chenyewe na si kwenye karatasi tu, na zaidi ya yote mashavu. Simamisha disiki, iangalie ukingoni, utaona shavu mbili za chuma na katikati mabawa ya kupitisha hewa. Zile shavu zinapaswa kuwa unene sawa kuzunguka pande zote. Kwenye duka la pili nilikuta disiki ambayo shavu moja ilikuwa nene kama 8 na ya ngambo 6, chuma kilisogea wakati wa kumimina kiwandani. Hiyo ikipata moto, upande mwembamba unapanuka tofauti na ule munene, inajikunja kama mwavuli. Na rangi ilikuwa muzuri kabisa.

Mwishoni nilibaki na aina 2, bei dola 58 na dola 65, unene sawa 25, shavu sawa, siwezi kuchagua. Pembeni ya duka kuna mama anayeuza ndagala kwa mizani. Nikamusalimia, nikamwambia mama, nisaidie mizani dakika moja. Akaangalia zile disiki, akasema "Baba, weka gazeti kwanza, chuma chako kina mafuta." Nikaweka gazeti. Ya dola 58 ikapima kilo 5,4. Ya dola 65 kilo 6,2. Karibu gramu 800 kwa disiki moja, na kwa nje ni mapacha. Nilinunua ya 65 palepale, nikanunua na ndagala za mama.

Pesa iliyobaki, ukilinganisha na zile za matundu, nikaweka kwenye plaketi za jina linalojulikana (hapo usibane kabisa) na likidi mpya DOT 4. Likidi njo ilikuwa sababu ya ile pedale kuwa godoro, si disiki. Likidi ya freni inakunywa maji kutoka hewani, na Bukavu mvua tunayo. DOT 4 mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 230 mbele ya kuchemka, ikishakunywa maji yake kipimo kinachokubaliwa ni 155 tu, na DOT 3 ni 205 na 140. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, muguu unaenda chini bure. Ile iliyotoka kwenye gari yangu ilikuwa nyeusi kama kahawa. Sijui mwenyewe wa kwanza aliibadilisha lini.

Kufunga, nilisimama pale pale na fundi, na nashukuru alinivumilia. Tulisugua muayo, ile fasi disiki inapokalia, kwa burashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, juu punje ya kutu pale inafanya disiki icheze ukingoni na utarudi kwenye mitetemo kwa disiki mpya. Tukapangusa mafuta ya kiwandani na esanse (petroli) kidogo na kitambaa safi. Buloni za pine tukakaza kwa musalaba, si kuzunguka, na kwa nguvu sawa. Kesho yake asubuhi, saa 11 na nusu hivi mbele ya watu kuwa wengi, nikaenda njia ya Kavumu kufanya rodaje: natoka 60 napunguza mpaka 20, bila kusimama kabisa, mara 10, kisha natembea pole pole kilomita kadhaa bila kugusa freni zipoe. Hapo plaketi inajipaka juu ya chuma sawasawa.

Njiani nimebadilisha pia muguu wangu. Ngomo nashuka kwenye L ao 2, nashika freni kwa nguvu muda mufupi, naachilia kabisa, nangoja, nashika tena. Na nikifika kwenye barieri chini, disiki zikiwa moto, sikai na muguu juu ya pedale, natumia freni ya mukono ama naacha gari isogee kidogo kidogo, juu plaketi ikibanwa fasi moja kwenye chuma cha moto inaacha mhuri wake pale.

Sasa ni miezi 14. Ngomo nimeishuka zaidi ya mara 30 na hizi, mara nyingi na muzigo. Harufu nimeisikia mara moja, nyuma ya kamio kubwa lililonilazimisha kushuka kama konokono. Volani haitetemeki. Kuna vinyufa vidogo sana vya juujuu, ukucha haunasi, yaya ameona picha akasema endelea, lakini kimoja kikifika ukingoni toa siku ileile. Juzi nimepima, kulia 24,1, kushoto 24,2. Dukani zilibaki jozi 2 za kilo 6,2, nimenunua moja, iko chini ya kitanda imefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, na piedakulisi iko juu yake.