Mboya na Kawawa: kutoka chama cha wafanyakazi hadi bungeni

Wote wawili walianza kwenye ajira za serikali ya kikoloni. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika manispaa ya Nairobi. Rashidi Kawawa alifanya kazi ya ustawi wa jamii Tanganyika, na hata akaigiza filamu, jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Mwaka 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi Kenya. Kawawa akashika cheo kama hicho upande wa Tanganyika lilipoundwa shirikisho la huko, 1955.

Tofauti kubwa ilijitokeza waliposhika madaraka. Mboya, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 kwa kura za Nairobi, akiwa Waziri wa Kazi aliwaketisha waajiri na vyama vya wafanyakazi mezani, wakatia saini mkataba wa mahusiano kazini mwaka 1962. Mwaka huohuo Kawawa, sasa Waziri Mkuu, alisimamia sheria zilizobana migomo, silaha ileile aliyoitumia zamani. Mwaka 1964 shirikisho lake la zamani likavunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya mkono wa serikali.

Ila Mboya naye hakuwa malaika: COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya wa 1965, pia ilizaliwa kwa amri ya dola, yeye akiwa waziri. Hata hivyo, kwa mtetezi wa wafanyakazi, mimi namchagua yeye. Kwa uaminifu kwa chama cha siasa, Kawawa hana mpinzani. Mboya aliuawa Nairobi, Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kawawa aliishi hadi Desemba 2009.