Rimoti stata kwa gari yenye waya mbili za stata: fundi wa Maweni aliniweka sawa

Fundi nampa nyota nne, seti yenyewe tatu. Sababu ntazisema.

Anayeishi Malindi ajua gari ikipigwa na jua la saa saba msimu wa kaskazi inakuwaje, usukani haushikiki, kiti chachoma hata ukivaa kanzu. Ndo nikataka rimoti stata, nibonyeze nikiwa bado kazini huku Lamu Road, injini iwake, AC ianze kupuliza, nikifika nakuta ndani kushapoa. Ndugu yangu alioko Lamu alinicheka sana, asema huko kwao punda hana rimoti na anawaka mwenyewe. Haya bana.

Seti ni zile za mchina zisokuwa na jina la maana, ndani kuna boksi la kontroli, rimoti mbili, antena ndogo ya kubandika kwenye kioo na mkia mrefu wa waya za rangi zote. Tatizo ni kwamba upande wa stata, ile mota ya kuizungusha injini iwake, seti imeleta waya moja tu, na Nissan yangu hii ya otomatiki nyuma ya swichi ya ufunguo ina waya mbili za stata. Sio gari yangu peke yake, kuna Nissan na Toyota kadha ziko hivo, ukizungusha ufunguo mpaka mwisho waya zote mbili zapata moto, yaani umeme, kwa pamoja, moja ndo ya kwenda kuizungusha stata na ya pili yaweza kuwa ni ya kuiambia kompyuta ya gari kwamba stata inapigwa ili itoe mafuta na cheche. Ukiipa umeme moja ukaiacha nyingine, gari zingine hazisongi kabisa, zingine zazunguka tu bila kushika, na zingine zashika lakini taa ya injini yabaki imewaka kwenye dashibodi.

Yangu ilikuwa yazunguka bila kushika. Fundi wa kwanza, simtaji na si wa hapa mjini, aliunga waya moja akafunga kazi, nikibonyeza rimoti stata yapiga weee mpaka yachoka, nikitia ufunguo yawaka mara moja. Ati plagi chafu. Halafu ati pampu ya mafuta. Sasa we jiulize, pampu gani hiyo inayokataa rimoti na kukubali ufunguo? Mwisho akaja na wazo la kuzishika zile waya mbili azisokote pamoja azifunge tepu, hapo nikamwambia asante, nikachukua gari yangu.

Huyu wa Maweni ana kibanda tu na meza, lakini kazi yake nzuri. Hakugusa waya yoyote kabla ya kupima. Alifungua ule mfuniko chini ya usukani, akalala chali tochi mdomoni, akanambia nizungushe ufunguo polepole, "weka aksesori... weka on... haya piga," na yeye na mita yake ya kupimia umeme akifuata waya moja moja. Mbili zikasoma sifuri kote kote, off sifuri, aksesori sifuri, on sifuri, nilipopiga tu zote zikaruka juu na nilipoachia zikaanguka. Hio ndo alama ya waya ya stata, haina moto mahali pengine popote. Akanionyesha na mita niione mwenyewe, si kila fundi ana subira hio.

Nikamuuliza kwa nini tusizisokote pamoja kama alivotaka yule mwenzake. Akasema, "Ndugu yangu, aliyetengeneza gari alizitenganisha hizi ndani ya swichi. Ukizifunga pamoja, umeme wa hii waingia kwa hii wakati wote, hata ukitumia ufunguo, na mzigo wote unaubebesha kiwaya kimoja cha boksi."

Alichofanya ni kuongeza rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme, ile ya kawaida ya miguu mitano yenye namba zake, yauzwa shilingi mia chache tu. Waya ya stata ya boksi ikaenda moja kwa moja kwa stata ya kwanza, akaitoa tawi likaingia mguu wa 86. Mguu wa 85 akaupeleka bodi, yaani chuma cha gari ndo hasi. 87 ikachukua moto wa betri kupitia fyuzi, na 30 ikaenda kwa ile waya ya stata ya pili. 87a ikabaki tupu. Kwa hivo boksi likipiga stata, rilei yavuta na waya ya pili yapata umeme wake yenyewe, boksi likinyamaza kila mtu kwake. Kuna seti ambazo zina waya ya ziada unayoweza kuiprogramu iwe stata ya pili, yangu haina, na ndo nyota moja ilipoendea.

Maungio yote alilehemu kwa risasi akavisha zile mirija za plastiki zinazonywea ukizipasha moto. Kwa hewa yetu hii ya chumvi waya za kusokota na tepu hazidumu, shaba yageuka kijani na gari yaanza wazimu. Pia alikataa katakata kuniachia gari bila kufunga swichi ya boneti, ili mtu akiwa anashika injini gari isimuwakie mkononi, na waya ya breki, ili mtu akikanyaga breki bila ufunguo injini izime. Na mwenye gari ya manuali alimrudisha mbele yangu, akamwambia ukiiacha kwenye gia itaruka ikugonge ukutani.

Nyota aliyoikosa ni ya muda, alisema adhuhuri nikaondoka magharibi. Na rimoti yenyewe, ile masafa iliyoandikwa kwenye boksi msiiamini, ukiwa ndani ya nyumba ya mawe yenye kuta nene haifiki hata barabarani, itabidi utoke mpaka barazani.

Mkienda Ijumaa, hufunga kwa swala na harudi kabla ya saa nane. Na kama ufunguo wenu una chipu mwambieni mapema, yataka kifaa chengine cha kuipita imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila chipu, na yeye hanacho dukani, mpaka aagize Mombasa.